Panya Wamepona, Mimi Bado

Niligundua kwamba jicho langu la kushoto halioni siku vumbi la chaki liliponiingia jicho la kulia. Nilikuwa mbele ya kidato cha tatu, naandika ubaoni. Nikalifumba la kulia ili nilisugue, na ubao ukaondoka. Haukufifia. Uliondoka, na darasa zima nalo, ukabaki ukungu wa rangi ya uji, na pembeni kabisa, upande wa dirishani, kipande cha shati jeupe la mwanafunzi mmoja. Nikafumbua jicho la kulia, vyote vikarudi. Nikalifumba tena, vikaondoka. Nilifanya hivyo mara nne au tano. Wanafunzi walidhani nawakonyeza.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kutisha tu. Kwangu lilikuwa la kutisha na la aibu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kilosa nimechora jicho ubaoni: lenzi, retina, na huku nyuma ile kamba nene inayobeba picha kwenda kwenye ubongo, mshipa wa fahamu wa jicho. Nimewakata alama watoto wa watu kwa kuuchora mwembamba. Wangu mwenyewe ulikuwa unakufa huku nachora.

Na si kwamba sikuwa nimeonywa. Baba yangu, mkulima wa mpunga kule Tindiga, alikufa kipofu. Alianza kwa kupiga bega kwenye fremu za milango, kisha akawa anamimina chai pembeni ya kikombe, kisha akakaa kwenye kiti chake na hakuinuka tena bila kushikwa mkono. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Sisi watoto wake, tuliosomeshwa kwa mpunga huohuo, tulikubaliana kwamba ni uzee. Uzee ni neno zuri sana. Halihitaji nauli ya kwenda hospitali.

Mume wangu alinipeleka Morogoro, kwa daktari wa macho. Nilimkuta binti mdogo ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha. Alinitia matone, akapima presha ya jicho, akanikalisha mbele ya mashine ambayo unabonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Jicho la kushoto lilipofika zamu yake, nilikaa na kitufe mkononi kama mtu anayesubiri simu.

"Ni presha ya macho, mama," alisema. "Imekula mshipa wa fahamu pole pole. Haiumi, ndiyo maana hukujua. La kushoto limebaki kidogo sana. La kulia limeanza kuguswa, lakini tunaweza kulishikilia. Utaweka matone haya kila jioni, maisha yako yote."

"Na la kushoto?"

"Kilichokufa hakirudi."

"Kabisa?"

Akaniangalia. "Mama unafanya kazi gani?"

"Nafundisha."

"Somo gani?"

Nilitamani kusema jiografia.

Habari ilipofika kwenye chumba cha walimu, kila mtu alikuwa na tiba. Wengi walinihakikishia kwamba ni mtoto wa jicho, unatolewa asubuhi, mchana unakula pilau. Nilipoeleza kwamba mtoto wa jicho ni lenzi kuwa na ukungu na mimi tatizo langu ni waya uliokatika huko nyuma, walinionea huruma kama mtu anayekataa kupona. Mwalimu wa historia alisema nimetupiwa. Nikamuuliza nani ahangaike kumroga mwalimu wa sekondari. Akakiri kwamba hapo ndipo nadharia yake inapokwama.

Lakini aliyeniweza alikuwa wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, anaishi Mikumi, ana mgahawa wa madereva wa malori kwenye barabara kuu. Ni mwanamke mchangamfu na ananipenda, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka uliotangulia alikuwa amejiunga na watu wanaouza virutubisho vya makopo, na kwa hesabu yake mwenyewe alikwisha kuponya sukari, miguu kuwaka moto, ugumba na uvivu wa watoto shuleni. Macho ndiyo yalikuwa bado. Akanitumia video. Ilikuwa na panya mweupe, muziki wa harusi, na sauti ya mwanamume ikisema kwamba wanasayansi wameotesha upya mshipa wa jicho uliokatika. "Wifi, neno limetimia," aliandika chini yake.

Nilicheka. Halafu nikakaa nikasoma, kwa sababu hilo jambo nilikuwa nalijua kwa upande mmoja. Darasani nimefundisha kwamba samaki na chura wakiumia mshipa ule, huota tena. Mamalia akishakuwa mtu mzima, hapana. Nyuzi zake zikikatika zimekatika, na seli zilizozaa nyuzi hizo hufa taratibu.

Sasa nikasoma mengine. Ile video haikuwa ya uongo wote, na hiyo ndiyo aina mbaya zaidi. Ni kweli huko maabara wanamchukua panya mzima wa afya, wanaubana mshipa wa nyuma ya jicho lake kwa koleo dogo mpaka nyuzi zikatike, kisha wanatafuta namna ya kuziamsha. Wanaingiza vinasaba ndani ya jicho kwa kutumia virusi vilivyopunguzwa makali, wanalegeza zile breki ambazo seli hujiwekea mnyama anapokua. Na nyuzi kadhaa huanza safari tena. Nyingi hupotea njiani. Chache hufika kwenye ubongo, na chache zaidi hushika pale zinapotakiwa kushika. Baadhi ya panya wameonyesha dalili za kuona kidogo. Hapo ndipo mambo yalipofikia, na ni kwa panya. Binadamu bado.

Nilielewa kila mstari. Ningeweza kutunga mtihani. Nilipomaliza nilifunga kompyuta nikatamani kuwa panya.

Jumamosi ile nilikwenda Tindiga kumwona mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza macho yanasemaje. Nikamweleza kuhusu panya, nusu kwa mzaha.

"Panya?" akasema. "Hawahawa wanaokula mpunga?"

"Jamaa zao, mama. Wa Ulaya."

"Ulaya ya hapa njiani au ya wazungu?"

Ni swali la haki. Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita kijiji kinaitwa Ulaya, na kwetu mtu akisema ametoka Ulaya huulizwa kwanza ipi, ndipo apewe heshima yake.

"Ya wazungu, mama."

Alipepeta kidogo. "Baba yako alikaa kipofu miaka kumi na moja," akasema. "Hakuna aliyemshika mkono kumfikisha hata hapo Kilosa. Kumbe panya wana madaktari."

Nikachukua ungo wa pili.

Wifi hakukata tamaa. Kulikuwa na semina Mikumi, akasema, na Dokta mwenyewe, mwenye makopo, atakuwepo. Nikaenda. Nilijiambia nakwenda kumridhisha wifi. Nilijiambia pia kwamba nakwenda kama mwanasayansi, kuchunguza. Mtu akiwa na sababu mbili nzuri za kufanya jambo, mara nyingi anaficha ya tatu.

Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, umejaa. Dokta alivaa suti ya bluu inayong'aa, na kama udokta wake ulikuwa wa mizizi, wa mifupa au wa maandiko, hakuna aliyeuliza. Kwanza walipita watu watatu kutoa ushuhuda wa magoti. Kisha ukutani ikatokea picha ya panya amevalishwa miwani.

"Huyu alikuwa kipofu!" Dokta akanguruma. "Leo anaona! Neva inaota kama nini?"

"Kama mchichaaa!" ukumbi ukaitikia. Inaonekana walikuwa wamefanya mazoezi.

Nikanyoosha mkono. "Samahani. Hao panya walipewa unga wa kwenye kopo, au waliingizwa vinasaba ndani ya jicho?"

Dokta alinitazama kwa upendo mkubwa. "Mama ni msomi?"

"Ni mwalimu."

"Mpigieni mwalimu makofi!" Wakanipigia. "Ndugu zangu, msomi hupona wa mwisho. Kwa nini? Mwili wake unataka kupona, kichwa chake kinauliza maswali!"

Makofi mengine, makubwa kuliko ya kwanza. Nikageuka. Wifi yangu naye alikuwa anapiga.

Swali langu halijajibiwa mpaka leo. Na baada ya kutojibiwa, nilipanga foleni nikanunua makopo mawili. Nimejaribu kujieleza jambo hili kwa njia nyingi na zote zinanifanya nionekane mpumbavu, kwa hiyo nitasema kama lilivyokuwa: nilikuwa na majibu yote sahihi na jicho moja. Ukumbi ule haukuwa na jibu hata moja sahihi, lakini ulikuwa na furaha.

Dokta alitoa na sharti. Matone ya hospitali yaachwe, maana kemikali huunguza chipukizi. Matone yale kweli yalikuwa yakiniwasha, na jicho likiwa jekundu wanafunzi waliulizana kama Madam amelia. Nikajiambia kuyapumzisha kidogo hakuwezi kudhuru. Kama mwanafunzi wangu angeandika sentensi hiyo kwenye mtihani, ningeizungushia wino mwekundu mpaka karatasi itoboke.

Nilikunywa unga ule miezi mitatu. Ulikuwa na ladha ya ulezi na tangawizi, na nina sababu za kuamini kwamba ulikuwa ulezi na tangawizi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kalenda ya ukutani, nafunika jicho la kulia kwa kiganja na kukodoa la kushoto. Siku moja nikaona ukingo mwekundu wa kalenda. Au nilikumbuka kwamba kalenda ina ukingo mwekundu. Wakati ule sikutaka kutofautisha. Nilimpigia wifi palepale. Akaniambia, "Irekodi, wifi, irekodi hivyohivyo kabla furaha haijapoa."

Nikarekodi. "Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa miaka mingi," nilisema kwa sauti yangu ya kufundishia, "na nilikuwa siamini." Nikaeleza mshipa wa fahamu, nikaeleza nyuzi, nikaeleza panya. Sijawahi kufundisha somo vizuri namna ile. Wifi akaisambaza.

Baada ya wiki moja simu zikaanza. Watu wa Dumila, watu wa Kimamba, mama mmoja kutoka Vidunda milimani ambaye alilazimika kupanda juu ya jiwe ili apate mtandao. Wote waliniita Madam wa Macho. Mmoja simsahau, mzee wa Magole, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa. Alizungumza taratibu, kila neno akiliweka chini kwanza.

"Mwalimu, mke wangu haoni. Nimesikia sauti yako kwenye simu ya jirani. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee wangu," nilisema. "Mimi ni mwalimu wa baiolojia."

Sentensi ya pili ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoibeba ya kwanza mgongoni.

Mwezi uliofuata, shuleni, nilipiga bega la kulia kwenye fremu ya mlango wa maabara. Nikajiambia nimechoka. Kesho yake nikapiga tena, bega lilelile. Nikasimama pale mlangoni namfikiria baba yangu, na wanafunzi nyuma yangu wakisubiri nipishe. Siku hiyohiyo niliomba ruhusa nikapanda basi la Morogoro.

Daktari aliuliza, "Matone unaweka?"

"Naweka," nilijibu, haraka, kama wanafunzi wangu ninapowauliza wamesoma.

Akapima. Akapima tena. "Mama, presha hii si ya mtu anayeweka matone."

Ndipo nikamweleza yote, semina na panya na kalenda. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na ningependa angecheka.

"Panya ni wa kweli," alisema. "Hata mimi nasoma habari zao. Siku ikifika kwa watu nitafurahi kuliko wewe. Lakini nataka siku hiyo ikukute bado una jicho. Wewe unasubiri nyama huku unang'oa meno."

Nilikuwa nimepoteza kipande cha jicho la kulia, upande wa kulia na chini, pale mguu unapokanyaga. Kilikwenda kimya kimya, kama kile cha kwanza, na hakitarudi kwa ulezi wala kwa tangawizi.

Jioni ile niliweka matone, nikarekodi sauti ya pili. Nilisema nilikosea, unga hauponyi, nendeni hospitali. Ilikuwa fupi na sauti yangu ilikwaruza. Nikaituma kwenye kundi la wauzaji. Dakika tatu baadaye nikaondolewa kwenye kundi. Sauti ya kwanza ilikuwa imesikika wilaya nzima. Hii ya pili aliisikia wifi, na alinipigia kwa hasira.

"Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Wifi, nimepoteza kipande cha jicho."

"Kwa sababu hukuamini vizuri," akasema, na akaanza kulia, na mimi nikalia, na salio lake likaisha. Leo anauza chai ya kupunguza tumbo. Tumepatana, ila hanitumii video.

Namba za watu nilizokuwa nazo nilizipiga moja moja. Wengine walinisikiliza. Wawili walinitukana, kwa haki. Mzee wa Magole hakupatikana, kwa hiyo nikamfuata. Niliuliza njiani mpaka nikafika kwake, boma la ng'ombe nyuma ya mashamba ya mahindi. Nilimsalimu shikamoo, akanipa kigoda. Mkewe alikuwa amekaa chini karibu yetu anapukuchua mahindi kwa vidole, uso ameuelekeza pembeni, kama wanavyofanya wasioona wanaposikiliza.

Nikasema niliyokuja kusema. Mzee akamtafsiria mkewe kwa Kisukuma. Yule mama akacheka mpaka akaweka gunzi chini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema alijua. Alionja mara moja, akaona ni uji. Makopo yote alimpa ndama."

"Ndama anaendeleaje?"

"Amenenepa," mzee akasema. "Macho sijui."

Nikauliza kwa nini alinunua unga ule, ikiwa mkewe hakuutaka. Aliniangalia kama vile swali lenyewe lina utovu wa adabu. "Mganga anaweza kudanganya," alisema. "Mchungaji anaweza. Mwanasiasa ni kazi yake. Mwalimu, hapana."

Nimepewa barua za onyo mara mbili katika ajira yangu. Hakuna iliyoniingia kama hiyo.

Kisha nikamwomba yule mama ruhusa nimtazame macho. Niliwasha tochi ya simu, nikainama. Katikati ya mboni palikuwa peupe kama maziwa yaliyoganda, macho yote mawili. Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angelitambua lile. Mshipa wake wa fahamu huenda ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa na mtoto wa jicho, ule wa asubuhi unatolewa mchana unakula pilau.

"Mzee, mama amewahi kupelekwa hospitali?"

"Tulitaka kwenda mwezi wa tatu," alisema. "Halafu tukasikia wewe unasema ni neva, hospitali hawaiwezi. Tukaona tusisumbue."

Nikasema nitawapeleka mimi. Mume wangu aliponiuliza kwa nini nisiwaelekeze tu, nilimwambia kuelekeza nimekwisha kuelekeza, matokeo ameyaona.

Tulikwenda Morogoro wote watatu. Daktari yule binti alimpima mama, akaniangalia, akatikisa kichwa. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji siku hiyo. Kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji nami nimesimama pembeni ya mzee, ambaye alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mama alipepesa. Akamtazama mumewe muda mrefu, akasema maneno mawili.

"Anasema nimezeeka," mzee akanitafsiria, na hapohapo akaonekana kujuta kutafsiri.

Kisha mama akanigeukia mimi, akanipima kutoka kichwani mpaka viatuni, akazungumza zaidi.

"Anasema kwa ile sauti alidhani mwalimu ni mtu mnene."

Tulitoka kuelekea kituo cha basi. Mama alikataa kushikwa. Alitangulia, akisimama kwenye kila kitu: vitenge vilivyotundikwa, nyanya, gari la taka. Mzee alimfuata amebeba mfuko wa dawa, akilalamika kwamba basi litatuacha. Mimi nilibaki juu ya ngazi za pale mlangoni. Zilikuwa sita au saba, na zote zilikuwa upande ambao siuoni tena. Nilikuwa nazitafuta kwa ncha ya kiatu, moja moja, mkono ukutani, na nikaona haya kuita.

Ni mama aliyegeuka. Alinitazama nilivyokuwa napapasa kwa mguu, akamwacha mumewe na zile nyanya, akapanda ngazi, akanishika kiwiko kwa nguvu. Alijua vizuri mtu kama mimi anashikwa wapi.